Mshipa, Msuli na Kano: Historia ya Kuyatambua Majeraha Yasiyoonekana katika Mwambao wa Mwanza

Katika mwalo wa Kirumba jijini Mwanza, mchukuzi anayeshusha gunia la dagaa kutoka kwenye mtumbwi akikosea hatua juu ya jiwe lenye utelezi na kushindwa kuinuka, walio karibu naye hutoa maelezo ambayo yanafanana kila mara. Husema mshipa umeshtuka, au mshipa umepanda, au mshipa umekaa vibaya. Maelezo hayo hutolewa iwe ameumia nyuma ya paja, ndani ya goti, kiunoni au kwenye kifundo cha mguu. Makala haya yanachunguza historia ya neno hilo na ya majeraha yanayofichwa ndani yake, hasa majeraha ya aina mbili ambayo tiba ya leo inayatenganisha kwa uangalifu: kuchanika kwa msuli na kuumia kwa kano zinazofunga mfupa kwa mfupa. Hoja yake ni kwamba kutotenganishwa kwa majeraha hayo katika eneo la Ziwa Viktoria kumetokana na aina ya kazi zilizofanywa hapa, vyombo vya uchunguzi vilivyoletwa na vile ambavyo havikuletwa, pamoja na njia zilizotumika kuunda istilahi za Kiswahili. Hakukutokana na ujinga wa wenyeji, kama baadhi ya waandishi wa zama za ukoloni walivyopenda kudhani.

Ni vema nikiri mapema kwamba siliangalii suala hili kutoka mbali. Nikiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza niliumia goti katika mchezo wa mpira wa miguu. Nilikuwa nakimbia, nikageuka ghafla huku unyayo umekwama chini, nikasikia mlio ndani ya goti kama wa kijiti kinachovunjika. Kabla ya jua kuzama goti lilikuwa limevimba hata suruali haikuvulika. Katika kituo cha tiba nilichopelekwa, picha ya eksirei ilionyesha mfupa mzima. Nikaambiwa nimshukuru Mungu, kwamba ni mshipa tu, nipumzike majuma mawili. Nilipumzika sita. Siku niliyorudi uwanjani goti lilifyatuka tena bila hata kuguswa na mtu, na toka siku hiyo halijawa goti la kuaminika. Miaka kadhaa baadaye, nilipoanza kusoma historia ya tiba, niligundua kwamba kila nilichokisimulia siku ile, yaani kugeuka, mlio na uvimbe wa haraka, kilikuwa ni ushahidi tosha wa kano iliyokatika. Ushahidi huo niliutoa kwa Kiswahili fasaha, ila haukuwa na mahali pa kuandikwa.

Neno lililobeba kila kitu

Kamusi za mwanzo za Kiswahili zinatusaidia kuona ukubwa wa mzigo uliobebwa na neno mshipa. Madan katika kamusi yake ya mwaka 1903, na Johnson aliyeirekebisha na kuipanua kazi hiyo mwaka 1939, wote wanalichukulia neno hili kuwa jina la jumla. Linataja mirija ya damu, neva na nyuzi nyembamba za mwili, na pia maradhi yanayodhaniwa kukaa humo, kuanzia maumivu ya baridi yabisi hadi ngiri na busha. Mshipa basi ulikuwa kiungo na ugonjwa kwa wakati mmoja. Mtu aliweza kuwa na mishipa, kama binadamu wote, na aliweza pia kuwa na mshipa, akimaanisha kwamba anaumwa.

Jambo hili lina mwangwi wake hapa Mwanza. Mwaka 1949 serikali za kikoloni za Afrika Mashariki zilianzisha mjini humu kituo cha utafiti wa ugonjwa wa matende na mabusha, ambacho ni sehemu ya chimbuko la kituo cha sasa cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Watafiti waliokuwa wakiuliza habari za busha bila shaka walikutana na neno lile lile ambalo mpagazi wa pamba alilitumia kueleza maumivu ya kiuno. Ugonjwa unaoletwa na minyoo inayosambazwa na mbu ulishiriki jina moja na jeraha linaloletwa na gunia.

Hata hivyo, msomaji asifikiri kwamba hali hii ni ya Kiswahili peke yake. Katika Kigiriki cha kale neno neuron, ambalo lina undugu na neno letu neva, lilitaja kwanza ukano na uzi wa upinde. Matabibu wa kundi la Hippocrates walilitumia kwa namna isiyotofautisha wazi neva, ukano na kano za viungo. Tofauti ilianza kupatikana Alexandria katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Herophilus na Erasistratus walipoipasua miili ya wafu na kuzifuata neva hadi kwenye ubongo. Galen, katika karne ya 2 baada ya Kristo, alieleza kwamba kano za viungo huota kwenye mfupa na hazina hisia kama neva, na kwamba msuli hupata nguvu yake ya kusogea kutoka kwenye neva. Ibn Sina naye, katika Kanuni ya Tiba aliyoikamilisha mnamo mwaka 1025, aliyagawa haya kwa majina manne ya Kiarabu: adhal kwa msuli, asab kwa neva, watar kwa ukano unaounganisha msuli na mfupa, na ribat kwa kano inayofunga mfupa kwa mfupa.

Swali la kihistoria ni kwa nini majina hayo hayakuingia katika Kiswahili, ilhali lugha yetu ilikopa kwa ukarimu mkubwa maneno ya Kiarabu katika sheria, biashara na dini. Maoni yangu ni kwamba mgawanyo huu ulitokana na upasuaji wa maiti na ulihifadhiwa katika vitabu vya matabibu, na tiba iliyosafiri na majahazi hadi pwani, kisha na misafara hadi bara, ilikuwa zaidi ya dawa, hirizi na kuumika. Jina la kitu kisichoonekana kwa macho halina mnunuzi sokoni.

Kiswahili kilikuwa tayari na neno kano, ambalo umoja wake kwa baadhi ya wasemaji ni ukano, lakini lilijulikana zaidi kwa mchinjaji na mpishi kuliko kwa mganga. Kila anayekula nyama ya ng'ombe anajua kano: ile sehemu nyeupe, ngumu, isiyotafunika. Kulikuwa pia na tafu, yaani sehemu nene ya nyama kama ya shavu la mguu. Vitu vilikuwa na majina. Havikuwa na majina ya kuumia.

Ujuzi uliokaa katika vitenzi

Hapa ndipo nalazimika kutofautiana na wale wanaopima ujuzi wa kitiba wa jamii kwa kuhesabu nomino. Tukiviangalia vitenzi, picha inabadilika kabisa. Kiswahili kina kushtuka kwa mguu, kuteguka, kutenguka, kupopotoka, kukaza, kuchanika na kuvilia damu. Vitenzi hivi havilingani. Kupopotoka ni kusokotwa kwa nguvu kinyume cha mwelekeo wa kiungo. Kutenguka ni kutoka mahali pake, kama bega linapochomoka. Kuteguka, ingawa siku hizi watu wengi hukuchanganya na kutenguka, hutumika zaidi kwa kiungo kilichokwenda kando kikarudi. Kukaza ni hali ya msuli unaojifunga wenyewe, na kuvilia ni damu kukusanyika chini ya ngozi. Mzungumzaji anayesema mguu umepopotoka ameeleza namna nguvu ilivyopita mwilini, na namna hiyo ndiyo daktari wa viungo wa leo huiulizia kwanza.

Kisayansi, tofauti yenyewe iko hivi. Msuli ni nyama inayojikunja kwa amri ya neva. Huchanika mara nyingi zaidi ukiwa unafanya kazi huku unarefushwa, kama vile mkimbiaji anapotupa mguu mbele na nyama ya nyuma ya paja ikijaribu kuuzuia. Misuli inayopita juu ya viungo viwili, kama ile ya nyuma ya paja na ya shavu la mguu, ndiyo hupatwa zaidi, na mpasuko hutokea karibu na pale nyama inapogeuka kuwa ukano. Kano ya kiungo haijikunji. Ni kamba ya nyuzi ngumu inayozuia mifupa miwili isiachane, na huumia pale kiungo kinapolazimishwa kwenda upande ambao hakikuumbiwa kwenda. Kifundo cha mguu kikipinduka kuelekea ndani, kano za upande wa nje hutanuka au kukatika. Goti likisokotwa huku unyayo umekazwa ardhini, kano ya mbele kati ya zile mbili zinazopishana ndani yake huweza kukatika kabisa.

Kupona nako kunatofautiana. Msuli una damu nyingi, na kuanzia mwaka 1961, Alexander Mauro alipozieleza seli ndogo zilizolala pembeni mwa nyuzi za msuli, tumeelewa kwamba una akiba yake ya kujijenga upya. Mpasuko mdogo hupona kwa majuma machache. Kano ina damu kidogo, hupona polepole na kwa kovu, na ile ya mbele ndani ya goti, inayoogeleshwa na ute wa kiungo, mara nyingi haiungani tena yenyewe. Anayemwambia mgonjwa wa goti ngoja kidogo utapona, akidhani anatibu msuli, anamrudisha kazini na kiungo kisicho na breki.

Mizigo ya ziwani

Historia ya majeraha haya katika mwambao wa Mwanza ni historia ya kubeba. Speke alipolifikia ziwa karibu na Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, alifika kwa migongo ya wapagazi. Stanley alipofika Kageye mapema mwaka 1875, mashua yake iitwayo Lady Alice ilikuwa imevuka nchi ikiwa vipande vipande juu ya mabega ya watu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi wa misafara ulikuwa wa kilo 30 hivi, mbali na chakula, sufuria na mkeka wake mwenyewe, na Wanyamwezi pamoja na Wasukuma walikuwa miongoni mwa waliosifika sana katika kazi hiyo. Vitabu vya wasafiri vina habari nyingi za homa, kuhara, ndui na vidonda vya miguu. Goti lililolegea halimo, au kama limo, limeandikwa kwa jina la uvivu.

Baada ya Wajerumani kuanzisha kituo chao Mwanza mwaka 1892, na hasa reli kutoka Tabora ilipofika mwaka 1928, mzigo ulibadilika umbo bila kupungua uzito. Pamba ya Usukuma ilibebwa kutoka shambani hadi kwenye vituo vya kununulia, ikapelekwa kwenye vinu vya kuchambulia, kisha robota zikaviringishwa hadi kwenye behewa au meli. Shirikisho la vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba wa kanda ya ziwa, lililoundwa mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani, likawa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Historia yake ya kisiasa imeandikwa mara nyingi na kwa haki. Historia ya migongo iliyoubeba ushirika huo bado inasubiri mwandishi.

Kwa nini nyaraka za afya za wakati huo zinanyamaza? Jibu moja ni kwamba serikali ilikuwa na mambo mengine yanayoua. Mwaka 1922 malale yaligunduliwa Maswa, na kwa miaka mingi iliyofuata afya katika Usukuma ilimaanisha mbung'o, kufyeka mapori na kuhamisha watu. Jeraha la kano haliui mtu wala haliambukizi. Humwondoa mtu mmoja katika kundi la wachukuzi, na asubuhi mwingine anasimama mahali pake. Hadi leo, mtu akitembea kutoka bandari ya kusini hadi Mwaloni atawaona wanaume wazima wanaoteremka ngazi kwa kutanguliza mguu ule ule kila mara. Hiyo ni alama ya goti, si ya uzee.

Uvuvi uliongeza aina yake. Kokoro, wavu unaovutwa kutoka ufukweni na kundi la watu, lilipigwa marufuku kwa sababu ya samaki wachanga, na ni sawa. Lakini mtu akitazama namna linavyovutwa ataona kwamba ni zana inayoumiza wavutaji pia: miguu imezama mchangani, mwili umelala nyuma, mabega yanavuta kwa mkupuo, kisha kamba inalegea ghafla. Hapo huumia misuli ya mgongo na ya nyuma ya paja. Mchukuzi wa gunia juu ya mawe ya Mwanza, kwa upande wake, huumia kano za kifundo na goti. Kazi mbili katika ufukwe mmoja huleta majeraha mawili tofauti, na yote yanapata jina moja.

Picha isiyoonyesha

Huko Ulaya maarifa yalikuwa yakikusanyika taratibu. Robert Adams wa Dublin alieleza kukatika kwa kano ya mbele ya goti mwaka 1837. Mayo Robson wa Leeds alizishona kano za goti la mchimba makaa ya mawe mwaka 1895, na Hey Groves wa Bristol akajenga kano mpya kutokana na tishu za paja la mgonjwa mwaka 1917. Inafaa kukumbuka kwamba mgonjwa wa Robson alikuwa mfanyakazi wa mgodini. Elimu hii haikuanza kwa ajili ya wachezaji wenye mishahara minono.

Mwaka huo huo wa 1895, mwezi Novemba, Röntgen aligundua miale ya eksirei, na ugunduzi huo ulileta msaada mkubwa pamoja na hasara isiyotarajiwa. Eksirei huonyesha mfupa. Msuli na kano hupita humo kama kivuli hafifu. Kwa hiyo kadiri mashine ilivyoheshimiwa, ndivyo mgonjwa asiyevunjika alivyoonekana kuwa hana kitu. Ni vigumu kueleza jinsi sentensi hiyo ya mfupa mzima ilivyo na nguvu kwa mtu aliyeisikia akiwa amelala kitandani. Inafunga mazungumzo.

Aliyejaribu kuyafungua tena alikuwa James Cyriax wa Hospitali ya St Thomas, London, katika kitabu chake cha tiba ya viungo cha mwaka 1947. Njia yake ilihitaji mikono na subira tu. Aligawa tishu katika makundi mawili: zile zinazojikunja, yaani msuli na ukano wake, na zile zisizojikunja, kama kano za kiungo na mfuko wake. Kisha akauliza maswali mawili kwa mwili wenyewe. Kwanza, mgonjwa akisukuma kwa nguvu dhidi ya mkono wa daktari huku kiungo hakisogei, je, anaumia? Akiumia, mashaka yanaelekezwa kwenye msuli. Pili, mgonjwa akilegea kabisa na daktari akakisogeza kiungo hadi mwisho wake, je, anaumia? Akiumia hapo, lakini kusukuma hakukumuumiza, mashaka huelekea kwenye kano. Njia hii ina mapungufu yake, na watafiti wa baadaye wameyaonyesha, lakini ingeweza kutumika katika zahanati yoyote ya Usukuma isiyo na umeme. Mwaka 1976 kikaelezwa kipimo kilichopewa jina la John Lachman wa Philadelphia: goti likunjwe kidogo, paja lishikwe kwa mkono mmoja, na mkono wa pili uuvute mguu wa chini mbele. Ukisogea kupita kiasi bila kukutana na mgoto thabiti, kano ya mbele imekatika. Nacho hakigharimu kitu.

Hospitali ya Bugando ilifunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima kinachoutazama mji na ziwa. Ilijengwa na Kanisa Katoliki, ikachukuliwa na serikali mwaka uliofuata, na mwaka 1985 ikarejeshwa kanisani kwa makubaliano ya kuendelea kutoa huduma kama hospitali ya rufaa. Mwaka 2003 elimu ya udaktari ikaanza kufundishwa hapo hapo kilimani. Kwa mara ya kwanza daktari aliweza kufuzu Mwanza akiwatibu wachukuzi wa Mwanza. Katika ngazi ya taifa, sheria ya mwaka 1996 iliianzisha Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na wataalamu wa fiziotherapia walikuwa wakiandaliwa KCMC, Moshi. Huduma basi zilikuja. Lakini zilikuja zikizungumza Kiingereza darasani na Kiswahili wodini, na katikati ya lugha hizo mbili neno mshipa liliendelea kusimama kama lango lisilo na mlinzi.

Mikono ya wachuaji

Wagonjwa wengi wa ziwani hawakupanda kilima kile kwanza. Walikwenda, na bado wanakwenda, kwa mchuaji au muunga mifupa. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliwatambua waganga kwa ujumla, bila kugusa swali la mtu anayechua jeraha ambalo bado linavuja damu ndani.

Ni haki kusema kwamba kwa msuli uliokaza au mgongo uliochoka, maji ya moto, mafuta na mikono yenye uzoefu huleta nafuu ya kweli. Hatari iko kwenye siku za mwanzo. Msuli uliochanika au uliopigwa na kuvilia damu ukikandwa kwa nguvu na joto, damu huongezeka, na katika baadhi ya majeraha makubwa, hasa ya paja, mfupa huweza kuota ndani ya nyama yenyewe. Kwa kano, kuchua hakuunganishi kilichokatika, na kule kurudisha mshipa mahali pake ni kukitikisa kiungo ambacho tayari kimepoteza kizuizi chake. Mchuaji hodari hutambua kwa vidole kwamba mahali fulani pamelegea. Anachokosa ni jina la kumwambia mgonjwa kwamba hapa si mahali pa kuchua. Na wala tiba ya kisasa isijivune: ule ushauri maarufu wa mapumziko, barafu, kufunga bandeji na kuinua mguu, uliotungwa na Gabe Mirkin mwaka 1978, ulirekebishwa na Mirkin mwenyewe miaka zaidi ya 30 baadaye, alipokubali kwamba barafu na mapumziko ya muda mrefu huweza kuchelewesha kupona. Siku hizi mazoezi ya mapema na ya kiasi ndiyo yanayosisitizwa, kwa msuli na kwa kano nyingi.

Istilahi zilizogongana

Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, kisha Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili na Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa mwaka 1967, zilifanya kazi kubwa ya kuipatia sayansi lugha. Msuli ukapata makao yake na leo hata mtoto wa shule ya msingi anaujua. Kano haikubahatika hivyo. Katika maandishi mengi ya kufundishia, neno hilo hilo hutumika kwa kamba inayofunga msuli kwenye mfupa na kwa ile inayofunga mfupa kwa mfupa. Wengine hukwepa kwa kuandika ligamenti na tendoni, maneno ambayo mvuvi wa Igombe hawezi kuyafungua.

Pendekezo langu ni la mtu wa historia, si la mwanaisimu: ukano ubaki kwa ule mwisho wa msuli, jinsi mchinjaji anavyouonyesha, na kano ya kiungo iitwe hivyo hivyo, kwa maneno mawili, bila haya ya urefu wake. Lakini hata kabla ya kukubaliana kuhusu nomino, daktari anaweza kuacha kumuuliza mgonjwa ni mshipa gani na badala yake akamuuliza mguu ulifanya nini. Ulipopotoka? Ulikaza? Ulifyatuka? Ulivimba saa hiyo hiyo au kesho yake? Mgonjwa wa kanda hii ana majibu, na majibu hayo yanatenganisha msuli na kano vizuri kuliko eksirei.

Uzito wa jambo hili uko katika fidia. Sheria ya kikoloni ya Fidia kwa Wafanyakazi, iliyojulikana baadaye kama Sura ya 263, ilikuwa na jedwali la viungo na asilimia zake: kidole, mkono, jicho, mguu. Iliona vizuri kilichokatwa. Kilicholegea kilihitaji cheti cha daktari, na daktari alihitaji jina. Sheria mpya ya mwaka 2008, ambayo mfuko wake ulianza kazi mwezi Julai 2015, ina upeo mpana zaidi, lakini nayo huanza na mwajiri anayejulikana na taarifa iliyoandikwa. Mchukuzi wa Mwaloni hulipwa kwa gunia, na mwajiri wake hubadilika mara tatu kabla ya saa nne asubuhi.

Baba yangu mdogo alifanya kazi katika kinu cha pamba upande wa Sengerema hadi goti lake la kushoto lilipomshinda. Karatasi aliyopewa siku ya kuacha kazi bado anayo, imekunjwa ndani ya Biblia. Mahali palipoandikwa sababu, pana neno moja, kwa wino wa buluu uliofifia: mshipa.